Mrs. Thuo ni Mmoja

Kila asubuhi, kabla ya kuvua koti, Joyline Ochola hufungua droo, hutoa rula ya plastiki ya sentimita thelathini, huifuta pande zote mbili kwa leso na kuilaza mezani, sambamba na ukingo. Baada ya hapo ndipo huvua koti. Baada ya koti ndipo husalimia watu.

Rula hiyo si ya kupigia mistari. Sijawahi kumwona akipiga hata mmoja. Ni ya kusomea majina. Kwa miaka tisa Joyline alikaa dirisha namba tatu katika ofisi ya rekodi ya chuo kimoja cha ufundi, ghorofa ya nne, katikati ya jiji, si mbali na bustani ya Jeevanjee. Waliohitimu chuoni walikuja hapo kuthibitishiwa vyeti vyao. Mtu alipitisha cheti na kitambulisho chini ya kioo, Joyline akaviweka ubavu kwa ubavu, akatandika rula chini ya majina na kuyasoma kwa sauti ndogo, moja baada ya jingine. Yakilingana, aligonga muhuri. Yasipolingana, alisema, "Hayalingani," na kurudisha karatasi. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekujulisha kwamba nje kunanyesha.

Mimi nilifanya kazi chumba cha faili, nyuma ya kiti chake. Mlango ulikuwa hauna kitasa na ulibaki wazi, kwa hivyo nilisikia yote.

Namkumbuka fundi wa mabomba aliyeitwa Maxwell. Cheti chake kilikuwa na majina mawili, kitambulisho kilikuwa na matatu.

"Madam, huyu ni mimi," Maxwell alisema. "Si uniangalie?"

"Nimekuangalia."

"Sasa?"

"Sura haiko kwa fomu."

Maxwell alikwenda, akarudi na karatasi ya wakili, akaambiwa wakili amekosea tarehe. Mara ya tatu alisema kwamba ameomba kitambulisho kingine na bado anakingoja. Joyline alimjibu kwamba kungoja si hati. Kwa muda niliomjua, hakuna aliyewahi kupita dirisha namba tatu kwa kusema anangoja kitambulisho.

Joyline alizaliwa Ugenya. Aliletwa Nairobi akiwa darasa la tatu, baba yake, Lazarus Ochola, alipopata kazi ya kulinda lango la boma moja huko Muthangari. Familia nzima iliishi katika vyumba viwili nyuma ya boma hilo. Vitabu vya hadithi havikuwepo, lakini daftari la wageni lilikuwepo, na jioni Lazarus alimpa binti yake alisome kwa sauti: jina, namba ya gari, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Siku moja Joyline alimwonyesha baba yake mtu aliyeingia Jumanne na ambaye hakuwa ametoka. Lazarus alizunguka boma zima na tochi. Mtu huyo alikuwa ametoka Jumanne hiyo hiyo, ila hakuandikwa. Joyline alikuwa na miaka kumi, na nadhani kazi yake ilianza hapo.

Kwao, Ochola lilikuwa jina la nyumba. Babu alikuwa Ochola, baba Ochola, kaka zake wote Ochola. Mama yake, Peres, aliitwa Mrs. Ochola kanisani, na wake za ami zake pia, na wakisimama pamoja kuimba ilikuwa safu nzima ya akina Mrs. Ochola. Hakuna aliyeona shida.

Kibe alikuja dirishani akiwa mteja. Jina lake kamili ni Ephantus Kibe Thuo, na ni mkaguzi wa nyama huko Dagoretti. Huvaa koti jeupe na viatu vya mpira, huangalia maini na mapafu, kisha hugonga muhuri wa buluu kwenye ng'ombe anayefaa kuliwa. Alikuja na hati tano. Joyline alipitisha rula kwenye zote tano, akarudia tena kuanzia ya kwanza.

"Yanalingana," alisema. Nikageuka, kwa sababu sauti ilikuwa imepanda kidogo.

Wiki iliyofuata Kibe alirudi bila karatasi yoyote.

"Umesahau nini?" Joyline alimwuliza.

"Hakuna kitu nimesahau."

"Sasa umekuja kuchukua nini?"

"Nimekuja kuuliza kama wewe hunywa chai."

"Hunywa," Joyline alisema. "Saa nne na nusu."

Walifunga ndoa mwezi wa Aprili, katika kanisa ambalo wazazi wa Kibe wamesali tangu lilipokuwa na paa la mabati, na wakapanga nyumba Dagoretti, dakika saba kwa miguu kutoka kwa wazazi hao. Joyline alirudi kazini akiwa na pete na daftari jipya la mazoezi. Kwenye daftari alikuwa ameorodhesha kila mahali mtandaoni palipokuwa na jina lake. Pahali ishirini na tatu. Alianza na barua pepe na kuendelea chini: kodi, bima ya afya, pensheni, chama cha makarani wa kumbukumbu, maktaba, umeme, duka la viatu aliponunua mara moja tu mwaka wa korona. Sehemu nyingi zilikubali cheti cha ndoa. Kitambulisho chenyewe alikiombea katika ofisi ya usajili, akajaza fomu, akaambiwa ni wiki mbili.

Jina jipya lilikuwa Joyline Akinyi Thuo. Hakumwuliza mtu. Aliangalia jina la mwisho la mume wake, kama alivyoangalia majina ya mwisho ya watu kwa miaka tisa, akalichukua.

Kisha chuo kikatangaza kwamba kinafungua tawi Woodley, na kwamba tawi hilo litahitaji Mkuu wa Rekodi.

Inafaa niseme Joyline aliitaka kazi hiyo kiasi gani, kwa sababu yeye mwenyewe hakusema. Nafasi ya namna hiyo ilikuwa imetokea mara mbili huko nyuma, na mara zote mbili aliletwa mtu kutoka nje ambaye Joyline alimfundisha kazi. Safari hii maombi yalikuwa ya wafanyakazi wa ndani pekee. Mwaka ule hapakuwa na mwingine mwenye miaka ya kazi inayotakiwa. Alichohitaji ni kutuma maombi kwenye mtandao wa chuo kabla ya saa kumi na moja jioni, Ijumaa ya mwisho ya Juni. Aliibandika tarehe hiyo kwenye kioo cha dirisha, upande wake wa ndani, na kila alipomrudishia mtu karatasi aliiona.

Mtandao huo una sharti moja. Hulinganisha majina ya mwombaji katika sehemu sita: kitambulisho, kodi, bima, pensheni, chama cha taaluma na faili ya mfanyakazi. Yakitofautiana hata mahali pamoja, ombi halipokelewi, wala mfumo hausemi ni wapi. Sharti hilo lilipendekezwa miaka saba iliyopita katika barua ya mistari miwili. Nina nakala yake kwenye faili. Imetiwa sahihi na J. A. Ochola.

Jumamosi kabla ya Ijumaa hiyo, Joyline alimaliza sehemu ya ishirini na mbili. Ilikuwa rejista ya akina mama wa kanisa, ambayo siku hizi iko mtandaoni. Alijaza jina na kubonyeza. Rejista hiyo imeunganishwa na kundi la WhatsApp la akina mama wote, watu mia mbili na kitu, na ina tabia ya kutangaza. Saa tatu asubuhi wote mia mbili na kitu walisoma: *Tunamkaribisha kwa furaha Mrs. Joyline Thuo.*

Mama mkwe wake ndiye Mrs. Thuo. Jina lake ni Njambi, lakini kanisani ni Mrs. Thuo, na nyumbani ni Mama Kibe. Ni mweka hazina wa kundi hilo. Kufikia saa sita mchana alikuwa amepokea simu kumi na moja. Wengine walitoa pole moja kwa moja. Wengine waliuliza kwanza Mzee Thuo anaendeleaje, kisha wakanyamaza. Jirani alimletea kilo mbili za sukari na pakiti ya majani chai. Huko machinjioni, ambako Mzee Thuo aliuza ng'ombe mpaka alipostaafu na ambako bado huenda kuangalia bei, wanaume wawili walimshika mkono na kumwambia kwamba kweli yeye bado ana nguvu.

Mambo ya Jumapili alinisimulia Joyline mwenyewe, kwa mpangilio, kama anayesoma kumbukumbu za mkutano. Waliitwa kula. Walikuwepo Mama Kibe, Mzee Thuo, Kibe, na dada yake Kibe anayeitwa Anita. Chakula kiliwekwa mezani na hakuna aliyekigusa.

"Joyline," Mama Kibe alianza, "mimi nimeolewa na nani?"

"Na Mzee Thuo."

"Na wewe?"

"Na Kibe."

"Sasa hii Thuo uliitoa wapi?"

"Kwa kitambulisho yake, Mama. Ndio jina ya mwisho."

Anita alifunika uso kwa kitambaa cha mezani. "Haki Joy! Hiyo ni jina ya dadii. Kwetu bibi anachukua jina ya bwana yake, hachukui ya baba ya bwana. Wewe ni Joyline Kibe. Mathe ndio Mrs. Thuo."

"Kwetu jina ya mwisho ni ya nyumba," Joyline alisema.

"Hapa jina ya mwisho ni ya huyo mzee amekaa hapo."

Mzee Thuo, aliyekuwa amekaa hapo, alivuta sahani yake karibu.

"Thuo anajulikana ana bibi mmoja na msichana mmoja," Mama Kibe alisema. "Msichana ni Anita. Kwa hivyo wewe ukijiita Thuo, ama umeolewa na ndugu yako, ama umekuja kuniketia kama mke mwenza. Watu wa kanisa wamechagua hiyo ya pili. Nimeletewa sukari."

"Mimi sijaoa mtu," Mzee Thuo alisema.

"Hakuna mtu amesema umeoa."

"Wamesema. Kiongozi wa wauza mbuzi amesema."

Mama Kibe akamgeukia mwanawe. "Na wewe hukuona?"

"Niliona kwa simu," Kibe alisema. "Nilidhani ni mambo ya serikali."

Mama Kibe hakupiga kelele. Joyline alisisitiza hilo, kwamba wakati wote sauti ilikuwa ya kawaida. Alisema tu kwamba amekuwa Mrs. Thuo kwa miaka thelathini na minane, kwamba jina hilo alilipata kabla ya hiyo nyumba na kabla ya hao watoto, na kwamba Jumatano kutakuwa na mkutano wa akina mama, na katibu huita majina kwenye rejista, na kila mtu husimama jina lake likiitwa.

"Wakiita Mrs. Thuo," aliuliza, "atasimama nani?"

Joyline aliniambia kwamba katika miaka tisa hajawahi kuulizwa swali la rekodi asiloweza kulijibu. Halafu akaniambia kuhusu Ijumaa, ingawa nilijua. Sehemu tano kati ya sita zilikuwa tayari Thuo, na kitambulisho kilikuwa njiani kuwa Thuo. Kugeuza zote kuwa Kibe kungechukua miezi.

Jumatatu asubuhi Mutie, fundi wa kompyuta wa chuo, alipanda ghorofa ya nne. Ni yeye aliyeutengeneza ule mfumo, na habari za Woodley zilikuwa zimemfikia.

"Niaje, Joy. Nasikia una kesi ya majina."

"Si kesi."

"Wewe tuma tu maombi vile iko. Mimi kwa nyuma nafungua hiyo kitu, nabonyeza, inaingia. Dakika mbili. Nani atajua?"

"Mfumo utajua."

"Mfumo ni mimi!"

"Basi wewe utajua," Joyline alisema, akamwita mtu wa kwanza kwenye foleni.

Jumanne aliomba ruhusa na kwenda ofisi ya usajili kuulizia kitambulisho. Karani aliyemhudumia anaitwa Caren. Wiki mbili zilikuwa zimekuwa nane. Caren alifungua droo, akatoa rundo la fomu, na ya Joyline ilikuwa ya tatu kutoka juu.

"Huwa nangoja zifike ishirini," Caren alieleza. "Zikiwa kidogo hazishughulikiwi. Lakini una bahati, leo asubuhi zimefika. Nikiingiza saa hii, kesho mtandao inakusoma Thuo. Kadi yenyewe itakuja siku yake."

Joyline alisimama pale na, kwa maelezo yake, alihesabu. Caren akiingiza fomu, kesho sehemu zote sita zingelingana. Ombi lingepokelewa Jumatano mchana, na siku mbili zingebaki za kupumzika. Asipoingiza, kitambulisho kingebaki Ochola, na yeye angelazimika kurudisha zile tano nyingine kuwa Ochola kabla ya Ijumaa saa kumi na moja. Kuzipeleka mbele kulikuwa kumemchukua wiki saba.

"Naomba unirudishie fomu," alimwambia Caren.

"Kuna makosa?"

"Jina."

"Tangu nianze kazi hapa hakuna mtu amewahi kurudishiwa," Caren alisema. Alimtazama, akatazama pete. "Pole sana, dada. Hata miezi mitatu haijaisha?"

"Sijaachwa."

"Sawa," Caren alisema kwa upole, akampa fomu. Kisha akahesabu zilizobaki, akazirudisha kwenye droo. Zilikuwa kumi na tisa.

Jioni hiyo, kabla ya kugusa hata moja kati ya zile tano, Joyline alifungua rejista ya akina mama na kujitoa. Rejista ilitangaza: *Mrs. Joyline Thuo ameondoka.* Mama Kibe alipigiwa simu tena, safari hii za pongezi. Jumatano jina la Mrs. Thuo likaitwa, na mtu mmoja akasimama.

Siku hiyo ya Jumatano Joyline alianza na kodi. Mfumo ulitaka sababu ya kurudia jina la awali, na ulitoa chaguo tatu: Talaka, Kufiwa, Nyingine. Akachagua Nyingine. Kikafunguka kisanduku cha herufi hamsini. Aliandika kwamba jina lilichukuliwa kimakosa kutoka kwa baba mkwe, akaambiwa amezidisha. Akapunguza mpaka ikabaki *Mama mkwe bado yupo*, na mfumo ukakubali.

Pensheni ilitaka kuhakikisha kwamba yeye ni yeye. Swali la usalama lilikuwa jina la mama yake kabla ya kuolewa. Joyline aligundua kwamba hajui mama yake aliliandikaje zamani, akampigia simu Ugenya, ambako wazazi wake walikuwa wamerudi.

"Mama, kabla uolewe uliitwa nani?"

"Nani anauliza?" Peres alisema.

"Ni mimi. Kompyuta inataka."

"Yawa, nyathina, mwanangu! Baba yako amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Ni jina tu."

"Mimi ni Ochola. Hao watu waambie mimi ni Ochola na nimeketi hapa kwa Ochola."

"Kabla ya hapo, Mama."

Kisha Peres akalitaja jina lake la usichana, taratibu, kama mtu anayetoa nguo kutoka chini kabisa ya sanduku, na akamfanya Joyline alirudie mara mbili. Halafu akataka kujua kama kompyuta imekubali. Ilikubali. Peres alisema basi ni vizuri, bado linafanya kazi.

Bima ya afya ilikuwa rahisi, na hilo ndilo lililoleta shida. Joyline alibadilisha jina kwa kubonyeza mara moja. Mfumo ukamwona mke anayerudi kwenye jina la baba yake, ukafanya hesabu zake, ukamwondoa mume kwenye bima na kumtumia ujumbe. Kibe aliupata akiwa kazini, muhuri mkononi. Simu ilikuwa na mfanyakazi mwenzake, kwa sababu yeye alikuwa amevaa glavu, na mwenzake akaisoma kwa sauti.

Kibe alipiga simu saa hiyo hiyo. Nilikuwa karibu, na anaongea kwa nguvu.

"Joy, nimeachwa?"

"La. Ni mfumo."

"Imesema umeniondoa kama mwenzi wako. Ati naweza kukata rufaa ndani ya siku thelathini."

"Usikate. Nitakurudisha."

"Lini?"

"Jumamosi. Kwa sasa niache hivyo, nikikurudisha leo itanibadilisha jina tena."

Kibe alifikiri. Nyuma yake nilisikia ng'ombe, na mtu akicheka.

"Kwa hivyo mpaka Jumamosi nisigonjeke."

"Jaribu," Joyline alisema.

Chama cha makarani kilimjibu Alhamisi jioni, baada ya barua pepe sita. Ikabaki faili ya mfanyakazi, yaani sisi. Kulingana na utaratibu wa chuo, mabadiliko ya jina la mfanyakazi huidhinishwa na karani wa dirisha namba tatu baada ya kulinganisha hati zote. Kulingana na utaratibu huo huo, karani haruhusiwi kuidhinisha faili yake mwenyewe. Kifungu hicho pia kilipendekezwa na J. A. Ochola.

Ijumaa saa tisa na nusu Joyline aliniita, akaondoka kwenye kiti chake, akatoka kwa mlango wa nyuma na kwenda kupanga foleni. Mbele yake walikuwepo watu wanne. Niliwahudumia wote wanne. Sikuwa nimewahi kukaa dirishani na sikuwa na kasi. Majina ya wa tatu hayakulingana, na nilihitaji muda kupata sauti ya kumwambia.

Joyline alipofika mbele ilikuwa saa kumi na dakika tano. Alipitisha hati zake chini ya kioo, kitambulisho kikiwa juu.

"Habari ya mchana," alisema, kama hatujaonana.

Nilitandika rula. Nilisoma kwa sauti ndogo: Joyline, Akinyi, Ochola. Hati ya pili: Joyline, Akinyi, Ochola. Nilitaka kwenda haraka, kwa sababu tarehe ilikuwa imebandikwa kwenye kioo na niliiona kila nilipoinua macho, lakini kila nilipotaka kuruka neno nilihisi ananitazama mkono. Nilisoma zote. Kisha, kwa sababu hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya mambo yakiwa makubwa, nikarudia kuanzia ya kwanza. Mtu aliye nyuma yake kwenye foleni aliuliza leo tunafunga saa ngapi.

"Yanalingana," nilisema.

"Gonga muhuri," alisema Joyline.

Niligonga. Alikwenda kwenye kompyuta ya wateja iliyo karibu na ngazi, akatuma ombi lake akiwa amesimama. Saa kumi na dakika arobaini na tatu mfumo uliandika kwamba limepokelewa. Alirudi kwenye kiti chake na kumhudumia yule mtu wa nyuma. Kwenye ombi hilo, mahali pa hali ya ndoa, alikuwa ameandika kwamba ameolewa. Mfumo haulinganishi hilo.

Jumamosi alimrudisha Kibe kwenye bima. Jumapili walikwenda kula kwa wazazi, na safari hii chakula kililiwa. Mama Kibe aliuliza kama sasa amekuwa Joyline Kibe. Joyline alisema bado, kwa sasa yeye ni Ochola, mpaka mambo ya Woodley yaishe, na baadaye wataona. Anita alisema shangazi zao hawatapenda, watasema hajaolewa vizuri. Mama Kibe alitafuna kwanza.

"Nitawaambia anangoja kitambulisho," alisema.

Na hivyo ndivyo alivyowaambia. Hakuna aliyeuliza zaidi. Dagoretti nzima inajua kwamba kitambulisho huchelewa, na mtu anaweza kukingoja miaka mitano na bado akawa mtu wa heshima. Kanisani Joyline alirudishwa kwenye rejista kwa jina la Joyline tu, na Mama Kibe akaongeza yeye mwenyewe, kwenye nafasi ya maelezo, *wa Kibe (anangoja)*. Joyline aliisoma, akaiacha hivyo.

Barua ya kazi ilikuja baada ya wiki tatu. Iliandikwa kwa Bi. Joyline Akinyi Ochola, Mkuu wa Rekodi, Tawi la Woodley. Aliisoma akiwa na rula, akaitia sahihi, akanipa nakala niiweke kwenye faili.

Siku yake ya mwisho ghorofa ya nne nilimsaidia kufunga vitu vyake kwenye katoni. Havikuwa vingi. Kwa miaka minne niliyokaa nyuma ya kiti chake sikuwahi kumwuliza jambo lolote lisilohusu faili, na nilijua kwamba nisipouliza siku hiyo sitauliza tena. Kwa hivyo nilimwuliza kwa nini, ile Jumanne, hakumwacha Caren aingize ile fomu. Kazi angeipata bila kutoa jasho, na baadaye angebadilisha jina polepole kama watu wengine.

Joyline alikunja mdomo wa katoni, akaubana.

"Lile jina lilikuwa na mwenyewe," alisema. "Na alikuwa bado analitumia."